Darasa la klasi na statiki Kijitonyama: yaliyonilipa na yaliyonikera

Niseme mapema nisije nikakumalizia bando bure: hili darasa la kuandika programu za kompyuta, hapa Dar es Salaam, si la mtu anayeanza sifuri. Kama hujawahi kuandika hata lupu moja (amri ya kurudiarudia), mwalimu atakuacha kwenye mataa mapema sana, na hatarudi kukuchukua. Ila kama wewe ni wale waliojifunza lugha ya JavaScript kwa kudokoadokoa kwenye video, funksheni (kipande cha programu unachokiita kwa jina) unaandika, faili unalisoma, halafu ukikutana na `class`, neno la kutangaza klasi, unanakili tu huku unamwomba Mungu ikubali, basi ada yao ya laki na themanini ina thamani yake. Nimelipa kwa hela yangu, sijapewa punguzo, wala sina ndugu pale.

Jina la kituo silitaji, kwa sababu nina mazuri na mabaya ya kusema na sitaki kupigiwa simu usiku. Wakazi wa Sayansi na Makumbusho watapajua: ghorofa ya pili, chini duka la dawa na dada wa chipsi, pembeni gereji ya bajaji. Masomo ni jioni baada ya kazi, na Jumamosi asubuhi. Mimi ni mhasibu, ofisi yetu ipo Kurasini na tunatoa mizigo bandarini, kwa hiyo mpaka nifike Kijitonyama nimeshachoka na nina njaa. Natoa taarifa hii ili ujue nilivyokuwa nikiingia darasani: sina uvumilivu wa mtu anayezunguka.

Sikwenda kutafuta ajira ya kompyuta. Kwa umri wangu darasani karibu wote walikuwa wananipa shikamoo. Nilikwenda kwa sababu mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu (kikundi cha kuweka na kukopa) huko Tabata, na nimechoka na jedwali ambalo kila anayeligusa anaacha fomula zimehama. Nataka programu yangu, ndogo, inayojua hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii, na isiyoniaibisha siku ya kuvunja kikoba.

Na hapo ndipo kituo kilinipata. Mwalimu, kijana mmoja mwembamba anayeongea taratibu mno, ana mtindo wa kuuliza kila mwanafunzi anataka kujenga nini, kisha anachagua mfano mmoja utakaotumika kozi nzima. Kwetu alichagua kikoba. Sababu yake ilikuwa ya maana: hakuna aliyekuwa chumbani asiyekijua kikoba. Hata wale vijana wa chuo, mama zao wamo. Hukupoteza nusu saa ukielezwa mfano kabla ya kuelezwa somo, kama inavyokuwa kwenye vitabu vinavyofundisha klasi kwa mbwa wanaobweka na magari yanayopiga honi.

Jioni ya kwanza hakuandika `class` hata moja ubaoni. Alitwambia tuandike kikoba cha watu watano kwa orodha tatu: orodha ya majina, orodha ya hisa, orodha ya mikopo. Mtu wa kwanza kwenye majina ndiye wa kwanza kwenye hisa, na kadhalika. Tukaandika, ikakubali, watu wakaanza kuchungulia simu. Akasema: sasa mwanachama wa tatu amehama mji, mtoeni kwenye orodha ya majina. Tukamtoa. Akasema chapisheni taarifa. Pale kwenye skrini wa nne alikuwa amerithi hisa za aliyehama, wa tano amebeba mkopo wa wa nne, na ile namba ya mwisho haina mwenyewe. Hakuna kosa lililoandikwa kwa rangi nyekundu. Programu ilikuwa imeridhika kabisa na ule uongo. Mtu aliyewahi kushika daftari la fedha za watu anajua uzito wa kitu cha namna hiyo, na kwangu hiyo ilitosha kueleza kwa nini jina, hisa na mkopo wa mtu mmoja vinapaswa kukaa mahali pamoja. Sikuhitaji kuambiwa kwamba klasi ni ramani na obijekti, yaani kila kitu kinachotengenezwa kwa klasi hiyo, ni nyumba. Nimeshasikia habari za hiyo ramani mpaka basi.

Sehemu ya sintaksia, yaani kanuni za uandishi, aliipitisha haraka, na sina neno, kwa sababu ni mambo ya kukaririwa tu. Jina la klasi huanza kwa herufi kubwa. Ndani yake methodi (funksheni za klasi) hazitenganishwi kwa koma wala huandiki `function`. Konstrakta, ile inayoandaa obijekti mpya, ni moja, ukiweka mbili JavaScript inagoma kabla hata ya kuanza. Usipoweka `new`, neno la kutengeneza obijekti mpya, unapoita klasi, unapigwa kosa. Klasi huwezi kuitumia juu ya mstari inapotangazwa, wakati funksheni ya kawaida unaweza. Kisha akaandika `typeof Mwanachama`, yaani klasi hii ni kitu cha aina gani, na skrini ikajibu `"function"`. Vijana waliotoka kwenye lugha ya Java walishtuka kidogo. Maelezo yake yalikuwa mafupi na sahihi: JavaScript ya mwaka 1995 haikuwa na klasi, ilikuwa na obijekti zinazorithi moja kwa moja kutoka kwa obijekti nyingine, na huu uandishi wa `class` umeingizwa kwenye lugha mwaka 2015 juu ya mtambo uleule wa zamani. Alitaja pia kwamba wazo la klasi lenyewe ni la Oslo, kwa Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na lugha yao ya Simula ya miaka ya 1960. Kijana wa nyuma akauliza kama hilo litakuwa kwenye mtihani. Hakuna mtihani, na afadhali.

Sasa tuje kwenye statiki, maana ndiyo wanayoifundisha vizuri kuliko nilivyoona popote.

Alianza na vitu ambavyo tayari tunavitumia. `Date.now()`, `Array.isArray()`, `Object.keys()`. Akatutaka tuandike `const leo = new Date();` kisha `leo.getFullYear()`, ikatoa mwaka. Kisha `leo.now()`. Ikagoma: `leo.now is not a function`. Kisha tugeuze: `Date.getFullYear()`. Nayo ikagoma. Akauliza swali ambalo alilirudia kozi nzima mpaka likawa utani: hii ni mali ya nani? Mwaka ni mali ya tarehe fulani, kwa hiyo unaiuliza tarehe yenyewe. Saa ya sasa hivi haina tarehe inayoimiliki, kwa hiyo unaiuliza klasi. Statiki ni kile kilichobandikwa kwenye klasi yenyewe, na obijekti zinazotoka humo hazikibebi.

Halafu akaandika hii, nami nimeinakili kama ilivyokuwa ubaoni:

```
class Mwanachama {
  static beiYaHisa = 5000;

  constructor(jina) {
    this.jina = jina;
    this.hisa = 0;
  }

  nunua(idadi) {
    this.hisa += idadi;
  }

  akiba() {
    return this.hisa * Mwanachama.beiYaHisa;
  }

  static linganisha(a, b) {
    return b.hisa - a.hisa;
  }
}
```

Hisa ni za kila mwanachama, ndiyo maana zina `this`, yaani obijekti hii yenyewe. Bei ya hisa ni moja kwa wote, ndiyo maana ina `static`. `linganisha` inawapokea wanachama wawili na kusema nani atangulie. Haiwezi kuwa mali ya mmoja wao, kwa hiyo nayo ni ya klasi, na unaipeleka kwenye kupanga orodha: `wote.sort(Mwanachama.linganisha)`. Watu wakaelewa. Ubao ukapigwa picha. (Uandishi huo wa `static beiYaHisa = 5000` ndani ya klasi uliingia rasmi kwenye lugha mwaka 2022; methodi za statiki zilikuwepo tangu 2015. Ukikutana na msimbo wa zamani utaona bei imeandikwa chini, nje ya mabano ya klasi, na ni sawa tu.)

Akaendelea: mkutano umeamua kupandisha hisa iwe elfu kumi. Mstari mmoja, `Mwanachama.beiYaHisa = 10000;`, na wanachama wote wanaona bei mpya. Alifurahi sana na hilo. Hapo nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Mwenye hisa kumi za elfu tano tano ana akiba ya elfu hamsini. Umepandisha bei, sasa skrini inasema ana laki moja. Hiyo elfu hamsini nyingine imeingia sandukuni saa ngapi?"

Akaangalia skrini. Akaangalia ubao. Akasema, "Mama, hiyo hela haipo."

"Haipo."

Nimekaa kwenye semina za watu wenye vyeti ukutani ambao wangenijibu kwamba huo ni mfano tu, tusiingie ndani sana. Huyu alichukua kitambaa akafuta `akiba()` yote, akatuuliza tufanyeje, na tukamaliza jioni kwa kuandika kwamba siku ya kununua ndiyo siku ya kuhesabu: `nunua` iongeze hisa, na hapohapo iongeze akiba kwa bei ya siku ile, na hiyo akiba ibaki ya mwanachama, isiguswe tena na bei inayokuja. Bei ya leo ni ya wote. Kilicholipwa jana ni cha aliyelipa. Kwa mhasibu hilo ni jambo la kila siku, lakini sikuwahi kuona mahali linapokaa kwenye msimbo mpaka pale. Mwalimu wa namna hii, anayekubali kufuta, nakushauri umlipe.

Na bado hakuwa amemaliza na ile bei. Kijana mmoja, mjanja wa mkato, akauliza: mwalimu, kwa nini tusiweke `static` kila mahali, tukaachana na usumbufu wa `new`?

"Weka," akasema. "Halafu niongezee kikoba cha Mabibo humohumo. Hisa yao ni elfu mbili."

Kijana akaongeza. Ili Mabibo wapate bei yao, ilibidi aandike `Mwanachama.beiYaHisa = 2000;`. Sasa mwanachama wa Tabata akija kununua hisa kumi anaandikiwa elfu ishirini badala ya elfu hamsini, maana klasi ni moja na bei yake ni moja. Kijana akajaribu kurudisha elfu tano kabla ya kila ununuzi wa Tabata na kuweka elfu mbili kabla ya kila ununuzi wa Mabibo. Ikafanya kazi. Mwalimu akamwambia asahau mstari mmoja tu kati ya hiyo, aone. Darasa zima likawa linacheka, lakini kikobani mambo kama hayo huwafanya watu wasisalimiane msibani.

Dawa ilikuwa klasi ya pili, `Kikoba`, yenye bei yake yenyewe kwenye konstrakta, na kila mwanachama anapozaliwa anaambiwa kikoba chake ni kipi. Bei sasa inasomwa `this.kikoba.beiYaHisa`. Neno `static` likafutwa kwenye bei. Ukitazama ubao mwisho wa wiki ile, kilichobaki na statiki kilikuwa kidogo mno: `linganisha`, na methodi moja ya kusoma faili nitakayoieleza. Hayo ndiyo mambo ambayo sikuyapata kwenye video. Video zote zinakuonyesha namna ya kuandika `static`, na mfano wao wa kwanza huwa ni kuhesabu obijekti zimetengenezwa ngapi. Hakuna inayokuuliza kama ipo siku vitakuwa viwili. Kigeu (jina linalotunza thamani) cha statiki kinachobadilikabadilika ni kigeu cha wote kilichovaa kanzu ya klasi. Mtu yeyote popote kwenye programu anaweza kukibadilisha, na ukitafuta aliyekibadilisha utazunguka. Kwa methodi isiyotunza kitu, inayopokea na kurudisha tu, statiki haina shida. Kwa namba inayohama, jiulize mara mbili.

Methodi ya kusoma faili ilichukua jioni nzima na ilistahili. Tunazo kumbukumbu za zamani, kila mstari una jina na idadi ya hisa zilizotenganishwa kwa koma. Unataka kupata mwanachama kutoka kwenye mstari. Huwezi kumuuliza mwanachama kwa sababu bado hayupo. Kwa hiyo unaiuliza klasi: `Mwanachama.kutokaMstari(mstari)`, nayo inakata mstari kwenye koma, inatengeneza kwa `new`, inamnunulia hisa zake na kumrudisha. JavaScript yenyewe ina mambo ya aina hii, kwa mfano `Array.from()`.

Hapa ndipo dada mmoja aliyekaa jirani yangu, mwenye duka la vipodozi Mwenge, alipotokewa na kituko ambacho mwalimu alikiacha kikue makusudi. Mwanachama wake alinunua hisa 3 mwezi wa kwanza, kisha 2 mwezi wa pili. Programu yake, iliyokuwa bado na ile `akiba()` ya zamani, ikasema ana akiba ya shilingi 160,000. Inatakiwa 25,000. Tulikaa naye tukakagua mstari kwa mstari. Jibu: kilichokatwa kwenye faili ni maandishi, si namba. Ukijumlisha 0 na maandishi "3" unapata "03". Ukiongeza "2" unapata "032". Halafu ukizidisha na 5,000, JavaScript inajifanya mwerevu, inageuza yale maandishi kuwa thelathini na mbili, na inakupa jibu la heshima kabisa. `Number(hisa)` kabla ya kununua, ugonjwa umekwisha. Dada akasema, "Kumbe ningegawa hela ya watu." Kwa kweli angegawa.

Jambo jingine la jioni ile ni `this` ndani ya statiki. Kwenye JavaScript `this` pale ni klasi yenyewe iliyoitwa. Ukiandika `new this(jina)` badala ya `new Mwanachama(jina)`, basi klasi inayorithi, yaani inayochukua yote ya `Mwanachama`, tuseme `Kiongozi`, ikiita `Kiongozi.kutokaMstari(...)` unapata kiongozi kweli, si mwanachama wa kawaida. Safi. Lakini ukiipeleka methodi hiyo mkono mtupu, `mistari.map(Mwanachama.kutokaMstari)`, `this` inapotea njiani na unapata kosa, maana `map`, inayoita funksheni kwa kila mstari, imepewa funksheni tu, haijui imetoka klasi gani. Uamuzi wa mwalimu: kama hurithi, andika jina la klasi wazi uishi kwa amani; kama unarithi, tumia `this` na uiite methodi hiyo kwa jina la klasi yake ndani ya funksheni ya mshale (ile fupi ya `=>`). Mimi sirithi. Nimeandika jina.

Alikuwa mkali pia kwenye jambo moja ambalo sikulitegemea: hakuna jina la kweli la mwanachama kuingia kwenye mazoezi. Nilikuwa nimebeba faili letu la Tabata kwenye flashi, akaniomba nilirudishe kwenye mkoba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hisa za watu ni taarifa za watu. Tukatumia majina ya matunda. Mwanachama wangu mwenye mkopo mkubwa kuliko wote alikuwa Fenesi.

Sasa yaliyonikera.

Kozi inatangazwa kama "Java, Python na JavaScript". Usidanganyike. Ni JavaScript, halafu Java na Python zimebanwa kwenye kipindi kimoja cha Jumamosi ambacho mwalimu alikuwa anaangalia saa. Kwenye Java tuliona lile kosa maarufu, la kompaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) kukataa kutaja kigeu cha obijekti ndani ya `main`, methodi ambamo programu huanzia, kwa sababu `main` ni statiki, na waliowahi kulikuta chuoni waliguna kwa pamoja. Maelezo yalitosha: ndani ya statiki ya Java hakuna `this`, kwa hiyo ukisema `hisa` kompaila inauliza hisa za nani. Lakini makabrasha waliyotupa bado yanasema `main` lazima iwe statiki, wakati Java 25, iliyotoka Septemba 2025, imeondoa hilo sharti. Kituo kinachotoza ada kinapaswa kupitia makabrasha yake.

Python ndiyo iliyoonewa zaidi. Ina vitu viwili, `@staticmethod` na `@classmethod`, na watu walitoka wakidhani ni hiari ya mwandishi. Siyo. Ya kwanza haipewi chochote, si obijekti wala klasi, ni funksheni ya kawaida iliyohifadhiwa ndani ya klasi. Ya pili inapewa klasi kama kigezo cha kwanza. Kwa hiyo ukitaka ile tabia ya `new this` ya JavaScript, ndugu yake kwenye Python ni `@classmethod`. Nililipata hili kwa kumng'ang'ania mwalimu kwenye ngazi wakati anafunga mlango. Wengine waliwahi gari.

Chumba: feni moja, na kiyoyozi cha urembo. Ukitaka kuona projekta Jumamosi asubuhi kaa upande wa ukuta, maana jua likipiga dirishani ubao unakuwa mweupe mtupu. Gereji ya chini hupiga nyundo mpaka jioni. Umeme ukikatika jenereta wanayo, ila mafuta ni mpaka mtu atumwe. Soketi ni chache na zinagombewa na vijana wanaochaji simu, tena simu mbili mbili. Wi-Fi ipo kwenye tangazo. Beba bando lako. Choo ni kisafi, naandika kwa haki yao.

Mapokezi ndiyo mabaya kuliko yote. Binti wa pale ni mpole na ana heshima, tatizo si yeye, ni utaratibu. Unaulizia ratiba kwenye WhatsApp asubuhi, unajibiwa usiku, tena kwa sauti ya dakika tatu. Na suala la cheti halisemwi siku ya kujiandikisha. Mwisho wa kozi ndipo unaambiwa cheti ni elfu ishirini, nje ya ada. Mimi sikukihitaji, kikoba hakiniombi cheti, lakini vijana watatu waliokuwa wanakitegemea kwa maombi ya kazi ilibidi wachangishane. Hela ndogo ikifichwa inakera kuliko hela kubwa iliyosemwa wazi. Waiweke kwenye tangazo.

Jingine dogo: wanachukua watu wengi mno kwa mwalimu mmoja. Wakiwa kumi na wachache anawafikia wote. Jumamosi moja waliunganisha na kundi la asubuhi na kila aliyenyoosha mkono alizeeka nao juu.

Kuhusu wengine wanaofanana nao: zipo kozi za bure mtandaoni na zipo kozi za gharama mjini zenye viyoyozi kweli. Za bure nimezipitia, na kwa sintaksia zinatosha kabisa. Mtu mwenye nidhamu anaweza kujua `class`, `extends` na `static` kwa wiki chache bila kumlipa mtu. Asichokipata ni mtu wa kumwambia haya, niongezee kikoba cha Mabibo. Mashaka yale yanahitaji mtu aliye chumbani, anayeona uso wako umetulia mapema mno.

Programu yangu sasa inafanya kazi kwenye laptopu ya nyumbani, bado sijaikabidhi kwa kamati. Ina klasi tatu: `Kikoba`, `Mwanachama`, `Mkopo`. Riba ipo kwenye `Mkopo`, kwa kila mkopo, kwa sababu kamati yetu hubadilisha riba kila ikikaa vibaya, na aliyekopa kwa riba ya zamani analipa ya zamani. Kuna statiki mbili tu kwenye faili zima na zote hazitunzi kitu.

Ukienda: lipa kwa awamu mbili, wanakubali ingawa hawasemi. Dai risiti papo hapo. Uliza cheti kabla. Chukua kundi la jioni, la Jumamosi lina watu wengi. Beba waya wa kuunganishia umeme wenye soketi nne, utapata marafiki siku hiyohiyo. Chipsi mayai za chini ni nzuri, lakini agiza kabla ya kupanda, maana ukishuka mapumziko utakuta foleni ya gereji nzima.